Mwaka Niliosuuza Chupa

Kitai ni mahali pa kungojea gari, na mtu anayengojea gari hutazama barabara, hamtazami jirani. Ndiyo maana nilikaa karibu nusu saa kwenye benchi moja na Kapteni Yohana bila kumtambua. Mimi nilikuwa natoka Songea kwenda Mapera, kwenye kipaimara cha mtoto wa mdogo wangu. Yeye alikuwa anapanda kwenda Songea kutazamwa macho. Mama muuza chai aliponiletea kikombe nilimwomba maji kidogo, nikakisuuza mara tatu, nikamwaga maji pembeni, ndipo nikamruhusu animiminie. Mzee wa kando yangu akacheka kwa pua. "Skolastika," akasema, bila hata kunigeukia, "miaka yote hii na bado unasuuza?" Niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto. "Shikamoo Kapteni!" "Marahaba, mwanangu. Kaa chini, utatuunguza na hiyo chai." Amekonda, na macho yake yameingia ukungu, lakini kofia ni ileile ya sufu aliyokuwa akiivaa hata jua likiwa utosini. Tukashikana mikono muda mrefu kuliko adabu inavyotaka, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumesharudi Lundo, kijiji cha ziwani, kwenye mwaka wetu mmoja wa maji na chupa. Habari za wazazi wangu na za shule nitaziruka, maana hazina tofauti na za wengine wa milimani. Nianzie kwenye nyumba ile.

Ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba vinne, karibu na maji kiasi kwamba mawimbi yakiwa makubwa tulipandisha sauti tukiwa mezani. Chumba cha kwanza alilala Daktari Koku, cha pili mimi, cha tatu kilikuwa cha kulia, na cha nne tulikiita chumba cha chupa. Humo mlikuwa na meza ndefu, rafu tatu za mbao, jokofu lililoendeshwa kwa mafuta ya taa, na dirisha moja lililoingiza harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa kwa jirani. Chupa zilikuwa za kioo cha kahawia kama zile za dawa ya kikohozi, zimepangwa na kuandikwa namba. Kazi yangu ilikuwa kuziosha, kuandika namba kwenye daftari, na kusafiri na mashua mara moja kila mwezi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, sijui kuogelea, na sijawahi kulala mahali ambapo mtu huamka akaona maji badala ya mgomba. Nilikuwa na jambo moja la kujivunia: usafi. Kwetu chombo husuuzwa mbele ya mgeni, aone kwa macho yake, hata kama kimetoka kuoshwa sasa hivi. Daktari alipokuja Mbinga kutafuta msaidizi, aliniona nikifanya hivyo kwenye mgahawa nilikokuwa nafanya kazi, akaniajiri palepale.

Daktari Koku alikuwa Mhaya, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amekaa misimu miwili kwenye meli ya utafiti katika bahari ya kusini kabisa mwa dunia, kule kwenye barafu, na kazi aliyokuwa akiifanya kule ndiyo aliyoileta ziwani. Alitaka kujua hewa ya ukaa inakwenda wapi. Alinieleza siku tatu mfululizo. Hewa ile huingia majini, vimea vidogo vya kijani, visivyoonekana kwa macho, huila kwa msaada wa jua, vikifa huzama, na njiani wakati vinazama hukutana na vijidudu vingine vinavyovila na kuitoa tena ile hewa. Swali lake lilikuwa ni kiasi gani kinarudi juu na kiasi gani kinazikwa chini kabisa. Kule kwenye baridi walikuwa wanahesabu, na yeye alitaka ziwa la joto lihesabiwe vilevile ili maji hayo mawili yawekwe bega kwa bega. Nilikuwa naitikia "ndiyo Daktari" na sielewi kitu. Siku ya nne nilikuwa nachambua maharage niliyotumiwa kutoka nyumbani, ikanijia. "Daktari, hiyo si ngolo tu?" Akauliza ngolo ni nini. Nikamtoa nje nikamchorea mchangani. Unakata majani, unayalaza kwa mistari inayokatizana kama nondo za dirisha, halafu unachimba udongo wa katikati unayafunika. Panabaki shimo, na tuta kulizunguka. Chini ya tuta majani yanaoza, na uozo ule ndio unaolisha maharage. "Wanaoozesha ni hao vijidudu wako," nikamwambia, "na majani yasiyooza yanabaki udongoni." Alichuchumaa pale mchangani akatazama mchoro wangu mpaka wimbi likaja likaufuta, kisha akaenda kuandika. Tangu siku hiyo ziwa likawa ngolo la maji, na mimi nikaanza kuipenda kazi.

Mpishi wetu alikuwa Mama Debora, mjane wa Lundo, Mwanglikana wa kuimba tangu asubuhi. Alipika ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kukaanga, na mimi nilimletea unga wa mahindi kutoka milimani ili nisisahau nilikotoka. Utani haukuisha mezani. "Nyie Wamatengo mnalima kahawa halafu mnakunywa chai," alisema Kapteni Yohana, nahodha wa mashua yetu, naye akinywa chai kwenye chochote chenye kina: kikombe, bakuli, kifuniko cha chupa ya chai, siku moja kikombe cha kunyolea ndevu. Mimi nilimjibu kwamba watu wa ziwani wakipewa jembe huuliza nyavu zake ziko wapi. Halafu Daktari angeanza hadithi za barafu. Meli inavyopasua barafu kwa kishindo, mabakuli yakirukaruka mezani. Maji ya baridi kiasi kwamba ukichovya mkono hujui kama umeungua au umeganda. Na humohumo, alisema, ndani ya barafu yenyewe, kuna vijidudu vinaishi, vinakula, vinazaa. Mama Debora aliacha mwiko. "Vinakula nini huko, maskini?" Ukiniuliza leo ni lini nilianza kuitaka meli ile, nitakutajia swali hilo la Mama Debora. Daktari alikuwa ametuambia kwamba mwisho wa mwaka bwana mmoja kutoka kwenye meli, Profesa Lars, angekuja kuona kazi yetu, na kwamba kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa ziwa kwenda kufanya kazi nao msimu mzima. Sikumwambia mtu, lakini niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Niliiombea hata kwenye foleni ya kisima.

Mashuani nilikuwa natapika. Nilitapika mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na Kapteni akasema samaki wa Lundo wameanza kunenepa kwa maharage ya Mapera. Tulikuwa tunakwenda mpaka kwenye kina kirefu, pale ambapo milima ya kwetu inakuwa ya bluu. Daktari alishusha bomba la kuchotea maji, lililo wazi pande zote mbili, kwa kamba yenye alama. Likifika kina anachotaka, Kapteni aliachia kichuma kidogo kishuke kwa kuteleza kwenye kamba ileile. Kichuma kile tulikiita mjumbe. Kapteni alishika kamba kwa vidole viwili, akafumba macho, akangoja. "Kagonga," alisema, na hapo tulijua huko chini gizani bomba limejifunga na maji yake. Maji ya kina cha katikati yalikuwa matamu, ya baridi kidogo. Ya chini kabisa yalinuka yai viza, maana huko hakuna hewa, na vijidudu wa huko wanaishi kwa namna yao. Niliyamimina kwenye chupa, na Daktari kwa mkono wake mwenyewe akadondoshea kila chupa dawa yake, akaifunga. Ilikuwa dawa gani sikuuliza; yeye alikuwa upande wake wa mashua nami upande wangu, nimeinamia maji kwa sababu zangu.

Profesa Lars alifika mwezi wa kumi na moja. Alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, mpole, na wenzangu walimfundisha neno moja tu la Kiswahili kabla ya kulala, marahaba, akawa anamjibu hivyo kila mtu, hata mbuzi. Jioni alipofika nilikuwa nimetumwa Mbamba Bay kununua mchele wa mgeni, na nikalala kwa rafiki wa Mama Debora kwa kukosa gari. Nilirudi alfajiri. Daktari alikuwa amelala bado. Nikaingia chumba cha chupa kuhakikisha kila kitu kiko safi mbele ya mgeni, nikafungua chupa ya kwanza, na kitu cha kahawia kikacheza chini. Nikafungua ya pili: vilevile. Matone ya rangi ya chai, katika zote ishirini na nne! Nikajua ni nani. Kapteni Yohana na chai yake! Nilimkasirikia sana mzee wa watu kimoyomoyo, nikabeba chupa zote nje, nikazisuuza moja moja kwa maji safi tuliyoyachuja, mara tatu kila moja, nikazikung'uta, nikazirudisha kwenye sanduku lake. Daktari alipoamka nilimwambia chupa ziko tayari. "Najua ziko tayari," akasema akicheka, "niliziandaa jana mwenyewe." Nami nikacheka, nikidhani ananitania.

Safari ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Ziwa lilikuwa limelala, sikutapika, na Profesa alishika kamba pamoja na Kapteni, wazee wawili wakingoja mjumbe agonge na wasiweze kusemeshana neno. Tulijaza chupa zote. Daktari hakudondosha dawa yoyote siku ile, na nilipomtazama kwa mshangao akaniambia tu, "Leo tuwe wepesi." Tulirudi pwani kama saa saba. Mama Debora alikuwa anakaanga mbasa jikoni, jiko letu la ukuta wa nyasi lililopakana na chumba cha kulia, na mimi nikashika mwiko nisonge ugali. Mezani walikaa Daktari na Profesa. Kapteni alisimama mlangoni na koti lake la mvua, anatafuna muhogo wa jana. "Kapteni, kaa basi ule vizuri," Mama Debora akaita. "Mgongo," akajibu Kapteni. Daktari na Profesa walikuwa wanazungumza Kiingereza chao, siwasikilizi. Mara Daktari akaingia Kiswahili, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Alisema kwamba siri ya kazi nzima iko kwenye dawa, dawa ya iodini, ya kahawia kama chai. Kwamba safari hii aliitia kwenye chupa mapema, jana usiku, ili maji yakiingia tu kila kilicho hai kife palepale na kibaki kama kilivyokuwa ziwani. Kwamba bila dawa ile vijidudu huendelea kulana ndani ya chupa njia nzima mpaka maabara, na mtu atakayekuja kuhesabu atahesabu uongo. Akarudia. Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, na Profesa akawa anatikisa kichwa kwa heshima.

Nilisonga. Niliendelea kusonga ule ugali, na nasema bila aibu kwamba kwanza niliwaza kunyamaza. Chupa zilikuwa za kahawia. Nani angeona kwamba maji ya ndani ni meupe? Zingefunguliwa mbali, baada ya miezi, na watu wangelaumu joto au wasafirishaji. Nikisema, basi nimemwaibisha Daktari mbele ya mgeni wake, na ile meli naiaga nikiwa jikoni na mwiko mkononi. Lakini mwezi ule ungebaki kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mimi, namba ishirini na nne za uongo katikati ya mwaka wa kweli, na Daktari angeziamini. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba angeziamini. Mama Debora alininyang'anya mwiko: "Skola, unasonga au unajenga?" Ugali ulikuwa umekuwa jiwe. Nikaupakua hivyohivyo, nikaubeba kwa mikono miwili, nikaingia.

"Daktari, naomba kusema."

"Sema, Skola."

"Chupa za leo hazina dawa. Nilizisuuza. Nilidhani ni chai ya Kapteni."

Daktari alitoa pumzi ndefu sana. Nilijua anameza hasira. Akamweleza Profesa, na Profesa akanitazama, akauliza kitu. "Anauliza ulisuuza mara ngapi," akasema Daktari. Nikasema mara tatu, zote ishirini na nne. Yule mzee akaanza kucheka mpaka ndevu zikatetemeka, na Daktari akatafsiri kwamba kwenye meli huchukua wiki mbili kumfundisha mtu kusuuza mara tatu. Sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimeanza kulia. Kapteni akatupa ganda la muhogo nje. "Chai yangu mimi?" akasema. "Mtoto huyu! Haya, twendeni kabla mwera haujaamka." Mama Debora akapiga kelele kwamba hakuna mtu atakayetoka nyumbani kwake na njaa, kwa hiyo walikula wamesimama. Profesa aliomba kisu cha kukatia ugali. Daktari alimega matonge mawili, akatafuna kimya kimya kama anayetafuna karanga, akaondoka kwenda kuchukua kichupa cha dawa.

Mwera ulituwahi. Ni upepo wa kusini, na ukiamka ziwa lote huwa migongo ya maji. Mashua ilipanda na kushuka, na mimi nilitapika kama mwezi wa kwanza, lakini sikuiachia chupa hata moja. Daktari alidondosha, nikafunga, akadondosha, nikafunga, na kila mara alininusisha chupa: "Hiyo ndiyo harufu yake. Usiisahau." Kapteni alishikilia usukani huku anaimba wimbo wa kanisani wa akina Debora, kwa sauti mbaya kabisa. Profesa alishika kamba peke yake safari hii, akafumba macho, na mjumbe alipogonga akapaza sauti kwa furaha, "Marahaba!" Tulicheka wote, hata mimi, mdomo ukiwa mchungu. Tulifika pwani giza halijaingia, tumelowa mpaka kwenye mifuko, na maji katika chupa zote ishirini na nne yana rangi ya chai.

Barua ilikuja baada ya miezi mitatu, na jina kwenye barua lilikuwa langu. Nimekaa kwenye meli ile msimu ule na misimu mingine sita baadaye. Nimesikia barafu ikipasuka, na mabakuli hurukaruka kweli. Nimesuuza chupa kwa vidole visivyojihisi, mvuke unatoka mdomoni kama sufuria, na nimewaeleza watu wa mataifa mbalimbali habari za ngolo kwa kuchora kwenye kioo chenye baridi. Siku hizi niko maabara ya nchi kavu, nafundisha wengine, na kila kundi jipya nalisimulia kisa cha Lundo. Nakisimulia vizuri, najijua. Ninafika pale ninapoingia na ugali mikononi, natulia kidogo, nawatazama usoni. Ujasiri wangu huwa mkubwa zaidi kila mwaka.

Ndivyo nilivyokisimulia Kitai pia. Mama muuza chai alikuwa amekaa kusikiliza, na watu wawili wa kungojea gari la Mbinga wamesogea. Kapteni aliniacha nikafika mwisho. Kisha akafuta kofia yake kwenye goti. "Mwanangu," akasema, "sasa umekuwa mtu mzima. Nikuambie?" Nikamwambia aniambie. "Siku ile, tulipokuwa tunaikaribia pwani, Daktari alifungua chupa moja. Akainusa. Akanipa na mimi nikainusa. Maji matupu. Akaniambia, Kapteni, usiivute mashua nchi kavu. Usivue koti. Kula upesi." Nikaweka kikombe chini. "Mbona hakuniambia?" "Nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, huko kwenye barafu Skola atakaa na chupa peke yake, hakuna wa kumchungulia. Nataka nimpe nafasi ile, lakini nataka kwanza nijue." "Na ningenyamaza?" Kapteni akatazama barabara kwa macho yake mabovu. "Majini tungerudi tu, na chupa zingetiwa dawa vilevile. Ila wewe ungerudi mgahawani Mbinga."

Kile Kiswahili! Nilikaa nacho masikioni miaka yote hii na sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu amweleze Profesa wa Ulaya siri ya kazi kwa lugha ambayo mgeni mwenyewe anajua neno moja tu. Niliona aibu, halafu nikashikwa na kicheko, halafu nikatoa simu. Daktari Koku amestaafu, yuko kwao Bukoba, anafuga nyuki.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba Skola. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Niko Kitai na Kapteni Yohana. Ameniambia habari ya kunusa chupa."

Nikasikia akikaa chini, na kile kicheko chake. "Mzee huyo aliniapia," akasema. "Skola, nilipiga kelele siku ile mpaka koo likawasha. Debora anakaanga samaki, mafuta yanalia, nikajua huwezi kusikia. Nikarudia. Nikarudia. Lars alidhani namgombeza. Sijawahi kuogopa vile, hata kwenye barafu."

"Uliogopa kwamba sitasikia?"

"Hapana. Niliogopa kwamba umesikia, na unaendelea kusonga ugali."

Gari la Mbinga lilikuwa limefika, utingo anagonga bati na kuita watu. Miaka yote nimekisimulia kisa kile, na sehemu ya mwiko nimekuwa nikiiruka.

"Niliendelea, Daktari," nikamwambia. "Nilisikia mara ya kwanza. Nilisonga mpaka ukawa jiwe."

"Najua," akasema. "Niliula."